Waliofanya Kazi Bure Mtandaoni: Roho Nzuri au Walikuwa Wanajitafutia?

Leo naomba stori za nani kaachana na nani tuziweke pembeni kidogo. Kuna kitu nimekuwa nakichimba wiki kadhaa sasa na nahisi kinatugusa wote tunaoshinda kwenye simu.

Kama umri wako unaruhusu utakumbuka zile CD za muziki. Unaiweka kwenye kompyuta, inakuandikia Track 01, Track 02, Track 03, basi. Ila kompyuta ikiwa na intaneti, ghafla majina yanashuka yote, msanii, albamu, wimbo mmoja mmoja. Wengi tulidhani majina yalikuwa ndani ya CD. Hayakuwemo bana. CD nyingi zilibeba sauti tu na urefu wa kila wimbo. Majina yaliandikwa na watu, kwa vidole vyao, kuanzia miaka ya 1990 mwanzoni, bila kulipwa hata senti.

Mpango wenyewe uliitwa CDDB. Ulianza na programu ya kuchezea CD iliyotengenezwa na jamaa mmoja huko Marekani. Ukiweka CD ambayo programu haiijui, inakuomba uandike majina, halafu unamtumia, anayaweka kwenye orodha ya wote. Mtu wa pili akiweka CD ileile anakuta kazi imeshafanyika.

Sasa jiulize. Nani huyo anakaa usiku anaandika majina ya nyimbo 14 ili mtu asiyemjua, labda yuko Canada, labda yuko Japani, asisumbuke?

Jibu la haraka ni kwamba alikuwa na roho nzuri. Jibu la pili, la wale wajanja wa mjini, ni kwamba hakuna wa bure, lazima alikuwa na mchongo wake. Mimi nimesoma hizi stori na naona wote wawili wanaharakisha. Yule mtu alikuwa na CD zake mwenyewe, pengine mia. Akiandika moja ambayo haipo, anakuta zile 99 zingine zimeshaandikwa na wenzake. Amechanga moja akapata tisini na tisa. Huo ni ubinafsi? Ndiyo. Lakini pia angeweza kabisa kuchukua zile 99 na asiandike yake, nani angemjua? Akaandika.

Sisi Waswahili hili tunalijua vizuri, tena lina daftari. Harusi ya mtoto wa jirani unachangia elfu hamsini na katibu anaandika. Umechanga kwa sababu unampenda jirani, na umechanga kwa sababu na wewe una binti anayekua. Ukiulizwa ni kipi kati ya hivyo viwili utashindwa kujibu, na anayekuuliza ataonekana hana adabu. Kwenye msiba ndo kabisa, kufa na kuzikana. Hakuna anayesema wale wanaokuja kuchimba kaburi wanajitafutia, ingawa kila mmoja anajua na lake litachimbwa.

Stori ya CDDB ina mwisho mchungu, ila kwanza turudi nyuma kidogo, maana tabia hii haikuzaliwa na intaneti.

Mwaka 1879 Waingereza walikuwa wanatengeneza kamusi kubwa ya lugha yao, ile ya Oxford. Mhariri wake, James Murray, akagundua hawezi kusoma vitabu vyote vilivyowahi kuandikwa kwa Kiingereza. Akatoa tangazo kwa wasomaji wa Uingereza, Marekani na makoloni: someni vitabu, mkikutana na neno limetumika vizuri, andikeni sentensi hiyo kwenye kikaratasi mnitumie. Malipo hakuna. Vikaratasi vikamiminika kwa mamilioni, mpaka Murray akajengewa kibanda cha bati uani kwake cha kuviweka. Walitarajia kazi itaisha ndani ya miaka kumi. Kitabu cha mwisho kilitoka 1928, Murray mwenyewe akiwa ameshafariki.

Kati ya waliotuma vikaratasi vingi kuliko wote alikuwepo daktari mmoja Mmarekani, zamani wa jeshini. Alikuwa anatuma maelfu, vimeandikwa kwa mwandiko safi, tena anauliza kwanza ofisi inahitaji neno gani wiki hiyo ndo atafute hilo. Anwani yake ilikuwa Broadmoor. Broadmoor ni hospitali ya wagonjwa wa akili waliofanya makosa ya jinai. Daktari alimuua mtu asiye na hatia London mwaka 1872, akili ikiwa imemwambia anafuatwa, na akafungiwa humo miaka na miaka. Kama umeangalia ile filamu ya 2019 ya Mel Gibson na Sean Penn unamjua.

Huyu alikuwa anajitolea au anajitafutia? Hela hakuwa nayo shida, alikuwa na pensheni. Sifa? Kafungiwa, sifa atampelekea nani. Alichopata ni sababu ya kuamka asubuhi, na mtu wa nje anayemwandikia barua kwa heshima. Ukiniuliza mimi, hayo ni malipo, na makubwa. Lakini ukisema alifanya kwa ajili yake tu utakuwa umemuonea, maana kamusi ile ipo mpaka leo na sisi wengine tumefaulu mitihani kwa kuifungua.

Tuje kwenye kompyuta sasa. Agosti 1991 kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa Helsinki huko Finland, anaitwa Linus Torvalds, akawatangazia watu mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, kama burudani yake tu. Shida yake ilikuwa ndogo na ya binafsi: amenunua kompyuta mpya na mifumo aliyoitaka ilikuwa ghali. Hakuwaza kuokoa dunia. Watu wakaichukua, wakaona kasoro, wakarekebisha, wakamrudishia. Kila mmoja alirekebisha kile kilichomsumbua yeye. Hiyo ndo Linux, na kama simu yako ni Android, kiini chake ndo hicho hicho. Iko mfukoni mwako sasa hivi.

Hapa kuna kitu ambacho watu wengi hawakijui na kwangu ndo kiini cha stori yote. Mwanzoni Torvalds aliweka masharti kwamba hakuna ruhusa ya mtu kuiuza. Marufuku biashara. Mwaka 1992 akabadilisha, akaiweka kwenye leseni inayosema hivi: uza ukitaka, tajirika ukiweza, ila ukiirekebisha na kuisambaza lazima urekebishaji wako uuweke wazi na wengine wautumie. Yaani aliacha kukataza tamaa akaamua kuufunga mlango ambao tamaa ingetokea na sufuria nzima. Makampuni yakaingia kwa fujo. Na waliojitolea hawakukimbia, kwa sababu hata tajiri akinufaika, chungu kinabaki jikoni.

Kulikuwa hata na kituko. Mwaka 1999 kampuni ya Red Hat, iliyokuwa inauza Linux yenye huduma, ilipopeleka hisa sokoni iliwaalika baadhi ya waliochangia bure wanunue kwa bei ya kuanzia. Hisa zikapanda zaidi ya mara tatu siku ya kwanza. Wengine walikosa kwa sababu dalali aliona fomu zao akasema hawa hawana uzoefu wa uwekezaji. Hebu fikiria, umejenga nyumba, halafu mlinzi wa getini anakuambia huna hadhi ya kuingia! Lakini angalau walialikwa.

Kuna ambao hawakualikwa popote. Miaka hiyo ya 1990 Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa AOL, kwa wengi ndo ilikuwa intaneti yenyewe. Watu walikutana kwenye vyumba vya kuchati, na vyumba vile vilihitaji watu wa kutuliza ugomvi, kufukuza wahuni, kuwapokea wageni. Yaani waadmini. AOL ilikuwa nao maelfu, wa kujitolea. Malipo yao yalikuwa muda wa kutumia intaneti bure, na wakati ule muda ulilipiwa kwa saa, kwa hiyo kwa mtu anayependa kuchati hilo lilikuwa donge nono. Ni kama leo mtu akupe bando lisiloisha.

Wengi walifurahia. Kuna waliopata marafiki wa maisha humo, kuna waliokuwa wagonjwa nyumbani na chumba chao cha kuchati ndo kilikuwa mtaa wao. Ila Desemba 1996 AOL ikabadilisha bei, ikawa dola 19.95 kwa mwezi mzima bila kuhesabu saa. Ghafla ile zawadi ya muda wa bure ikawa na thamani ndogo sana. Huku kazi ikabaki ileile: zamu, mafunzo, ripoti za kujaza. Mwaka 1999 wawili kati yao wakaenda mahakamani New York kwa hoja nyepesi: kama mnatupangia zamu na mnadai ripoti, sisi ni wafanyakazi, tulipeni mshahara. Kesi ikaburuzwa zaidi ya miaka kumi, ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 15.

Mtu anaweza kusema basi, kumbe walikuwa wanataka hela tangu mwanzo. Sioni hivyo. Mtu anayetaka hela hakai miaka mitano analinda chumba cha kuchati. Walichoona ni kwamba mwenzao kwenye mchango ameanza kuhesabu wakati wao walikuwa hawahesabu. Hata kwenye harusi, mkigundua kamati inauza soda za mchango kwa dirisha la nyuma, hutadai soda yako moja. Utadai daftari.

AOL hiyo hiyo, Februari 2011, ikanunua Huffington Post kwa dola milioni 315. Ile tovuti ilijazwa kwa sehemu kubwa na maelfu ya waandishi wasiolipwa, walioandika ili wasomwe, wajulikane, wasikike. Wakafungua kesi wakidai dola milioni 105. Jaji akaitupa Machi 2012: mliandika mkijua hamlipwi, mkapata mlichoahidiwa, yaani kusomwa. Kisheria nadhani jaji alikuwa sahihi. Ila mimi nikiwa naandika hapa saa sita usiku kwa bando langu, nitakuwa muongo nikisema sikuwaonea huruma.

Sasa ile CDDB. Mwaka 1998 iliuzwa kwa kampuni. Baadaye ikabadilishwa jina ikaitwa Gracenote, na 2001 ikazifungia programu zisizo na leseni yake. Majina yaliyoandikwa na watu bure usiku yakawa mali ya mtu, na mwenye programu akitaka kuyatumia alipe. Mwaka 2008 Sony wakainunua Gracenote kwa takriban dola milioni 260. Walioandika waliambulia patupu, hata shukrani ya maneno wengi hawakuisikia.

Unadhani waliacha? Hapo ndo pananifurahisha. Baadhi yao walikuwa wamehifadhi nakala ya orodha ya zamani, iliyotolewa kabla masharti hayajabadilika, wakaanzisha yao inaitwa freedb. Wengine wakaanza upya kabisa na MusicBrainz, na 2004 wakaiweka chini ya taasisi isiyo ya faida ili hata waanzilishi wenyewe siku wakizidiwa na tamaa wasiweze kuiuza. Walirudi kuandika majina ya nyimbo, bure, kazi ileile waliyodhulumiwa. Roho zao zilikuwa zilezile, safari hii tu walinunua kufuli.

Waspanyola wao hawakusubiri hata kuibiwa. Wikipedia ilianza Januari 2001, na kabla yake waanzilishi walijaribu ensaiklopidia nyingine, Nupedia, ya wasomi wenye shahada, kila makala ipite hatua saba za ukaguzi. Ikaishia na makala ishirini na kitu tu. Wikipedia ikafungua mlango kwa yeyote, na watu wakaja. Februari 2002 ikadokezwa kwamba huenda yatawekwa matangazo. Yalikuwa mazungumzo tu, hakuna tangazo lililowekwa. Wachangiaji wengi wa Kispanyola wakafungasha kazi yao, ambayo leseni iliwaruhusu kuinakili, wakahamia kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Seville na kuanzisha ensaiklopidia yao. Wikipedia ya Kispanyola ikabaki kama nyumba ya sherehe baada ya wageni kuondoka. Miezi michache mbele Wikipedia ikahama kutoka anwani ya kibiashara kwenda ile ya .org, na 2003 ikaundwa taasisi isiyo ya faida ya kuimiliki. Mpaka leo hakuna matangazo. Sisemi ni kwa ajili ya Waspanyola peke yao, lakini kelele zao zilisikika.

Na Kiswahili je? Wikipedia yetu ipo tangu 2003, imebebwa na watu wachache, ukitazama majina ya wahariri unakutana na yaleyale. Mwishoni mwa 2009 Google wakaleta shindano kwa wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania: andika makala za Kiswahili, ushinde kompyuta, simu, modemu. Kumbuka modemu wakati ule ilikuwa kitu cha kutamba nacho chuoni. Wanafunzi kwa mamia wakajiandikisha, makala mamia zikaingia ndani ya miezi michache, wengine wakiandika juu ya malaria, maji, misitu, vitu vya maana kabisa.

Shindano likaisha. Zawadi zikatolewa. Na wengi wakaondoka, hawakurudi. Wale wachache wa tangu zamani wakabaki kufanya usafi, kurekebisha makala zilizotafsiriwa haraka haraka mpaka sentensi hazieleweki.

Wapo wanaotumia hii kutusema, kwamba sisi vijana wa Afrika Mashariki bila zawadi hatuendi. Nakataa. Mwanafunzi anayehesabu nauli ya daladala akiambiwa kuna kompyuta mpya mezani, lazima akimbilie, na wewe ungekimbilia. Kosa naliona kwenye mpangilio: waliletewa mbio, na mbio zina mstari wa mwisho. Hakuna aliyewaonyesha kwamba ile ni nyumba, kuna majirani, kuna mtu atakayekushukuru makala yako ikimsaidia. Yule daktari wa Broadmoor alipata barua za kurudishiwa.

Nina ushahidi wa hapa hapa Dar. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia Tandale na wakazi wa pale wakaanza kuichora ramani, uchochoro kwa uchochoro, kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Miaka miwili kabla vijana wa Kibera, Nairobi, walikuwa wamefanya hivyo, maana Kibera kwenye ramani za intaneti ilikuwa doa tupu, utadhani hakuna anayeishi. Desemba 2011 mvua ikashuka Dar ile mbaya, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, mabondeni kukawa ziwa. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, kata zinazofurika zikaanza kuchorwa na wanafunzi wa UDSM na Ardhi pamoja na wakazi: mitaro, madaraja, mahali maji yanapokaa, yanafika magotini au kiunoni.

Wanafunzi walikuwa wanatafuta nini? Field. Mafunzo ya vitendo, alama, kitu cha kuweka kwenye CV. Tusijidanganye. Na mkazi wa bondeni aliyekuwa anawaonyesha mtaro umeziba wapi alikuwa anatafuta nini? Mtaro wake uzibuliwe. Wote wawili walikuja na lao mkononi. Lakini mtaro ukichorwa unachorwa kwa wote, na ramani ile iko wazi, msamaria anaitumia, mfanyabiashara anaitumia, na leseni yake haimruhusu mtu kuifungia kabatini.

Kwa hiyo mtu akikuambia fulani anaendesha grupu la kutoa pasipepa bure kwa sababu anataka sifa, mwache ale sifa zake, amezifanyia kazi. Swali ninalouliza mimi siku hizi nikialikwa kuchangia popote ni jingine kabisa: siku ikiuzwa, nani anaondoka na sufuria? Kuna ukurasa mmoja wa mapishi ambao dada zetu waliujaza mapishi na picha zao miaka mitatu, admini akauza ukurasa mzima na wafuasi wake, asubuhi wakakuta unatangaza mikopo. Mapishi yamefutwa yote. Ya kwao wenyewe!

Najua humu kuna watu walioshiriki lile shindano la 2009, na kuna waliotembea na matope ya Tandale na Msimbazi wakichora mitaro. Shukeni hapo chini mtuambie: mlibaki au mliondoka, na ni nini hasa kilichowabakisha au kuwaondoa?